Dakika 11, Jumapili 9: nilivyopiga filamu nikiwa na duka na miaka 58

Kila niliyemuuliza aliniambia ninunue kamera. Aliyeshikilia zaidi ni mpwa wangu: "Mjomba, bila lenzi ya maana hiyo itakuwa video ya harusi." Nikaulizia bei, nikaona ni mabati ya nyumba nzima pamoja na misumari. Sikununua. Filamu imepigwa kwa simu na hakuna aliyeitazama akalalamikia picha. Waliolalamika walilalamikia sauti, na hapo sina la kujitetea.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Kondele, Kisumu, siku sita kwa wiki. Nilibaki na Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu na nusu, kabla ya ibada ya pili. Saa hizo tatu ndizo zilizoitunga hadithi: waigizaji wawili, mtumbwi mmoja, jiko moja, usiku hakuna. Ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja ya filamu, nasi hatukuwahi kuvuka ukurasa mmoja na nusu kwa asubuhi. Anayekuambia uandike tu, muda utapatikana, huyo hafungui duka.

Jumapili ya kwanza, kabla sijajipangia saa hizo, tulifika Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, saa nne. Tulirekodi kila kitu vizuri, kumbe tumerekodi upepo. Mazungumzo yote yalisikika kama mtu anayerarua mfuko wa saruji. Wavuvi wangenieleza bure: jua likipanda, nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, hewa yake hupaa, na upepo wa ziwani huingia kushika nafasi. Usiku hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Alfajiri ndipo huwa kumetulia kidogo.

Nikaivalisha maiki soksi. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kitambaa kilikuwa kikiigusa na kuisugua. Kisha nikaenda soko la Kibuye, kwenye mitumba, nikachagua koti la mtoto lenye manyoya kwenye kofia, shilingi mia na kitu. Muuzaji akaniuliza mjukuu ana miaka mingapi. Nilikata ukanda wa manyoya, nikaushona mfuko wa ukubwa wa kidole gumba, manyoya nje, ndani sponji ya godoro ya sentimita moja hivi. Manyoya huuvunja upepo kabla haujafika kwenye sponji. Shona, usitumie gundi. Nilijaribu gundi, ikagandisha kitambaa na sauti ikawa ya mtu aliye ndani ya pipa.

Maiki yenyewe ni ile ndogo ya waya, ya kubana kwenye shati, elfu moja na ushee. Ifiche kifuani kwa plasta, piga waya kitanzi kimoja chini yake na ukibandike pia, ili waya ukivutwa mtikisiko usifike juu. Shati liwe la pamba. Poliesta hulia kila mtu akipumua. Waya unaingia kwenye simu ya pili mfukoni, ikiwa kwenye hali ya ndege, maana nilishapoteza shoti nzuri kwa sababu mteja alitaka bei ya nondo. Piga kofi moja mbele ya kamera kila unapoanza, ndipo utaweza kuoanisha picha na sauti.

Hata hivyo zitaachana. Programu ya kamera ya simu hubadilisha kimyakimya idadi ya fremu, yaani picha inazopiga kwa sekunde, na kufikia dakika ya tano mdomo unafunga huku neno bado linakuja. Nilihamia Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure, nikafunga fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50 na taa hupepesa kuufuata, hivyo ukiweka shata ya kasi nyingine, chini ya taa za jikoni unaweza kupata mistari inayotambaa ukutani.

Jikoni kuna adui wawili. Friji, ambalo unalizima, na kwa sababu nililisahau siku moja na mbuta wa kilo mbili ukaharibika, sasa naweka funguo za gari ndani yake. Siwezi kuondoka bila kulifungua. Wa pili ni mabati: jua likiyapiga yanatanuka na kulia tak, tak, kuanzia kama saa tatu. Nauza mabati miaka 20, sikuwahi kuyasikia.

Kabla ya kuhama mahali, rekodi sekunde 60 za kimya watu wote wakiwa wamesimama. Kimya cha Dunga si kimya cha jikoni, na bila hicho huna cha kuzibia mapengo ukihariri.

Leseni ya kupiga filamu ishughulikie mapema, na ufuoni anza na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo.

Kilichonishinda ni magugumaji. Upepo huyasukuma kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine. Jumapili tuliyompiga picha mwanamke, maji yalikuwa zulia la kijani. Wiki iliyofuata, zamu ya mwanamume, maji meupe mpaka upeo wa macho. Wanazungumza wakiwa mtumbwi mmoja. Shoti zote za ziwani zingepigwa siku moja, au kamera ingeelekezwa nchi kavu. Watu wa mjini hawakuona kitu. Mvuvi wa kwanza kuitazama aliuliza kama huyo mama anavua Dunga na mume wake anavua Homa Bay.