Siku moja mezani na wavutaji: sigara "kali" na "nyepesi" hutambulikaje

Saa 1:00 asubuhi. Kazi yangu ni kuendesha mijadala ya vikundi vya watumiaji wa tumbaku hapa Dar es Salaam, kujua wanatofautishaje bidhaa moja na nyingine. Siku huanza na sanduku la vielelezo: pakiti za sigara za rangi mbalimbali, kikopo cha ugoro, tumbaku ya kutafuna, picha ya shisha, na kifaa cha vepu kisicho na maji yake. Pakiti lazima ziwe tupu. Zikiwa na kitu ndani, zitapungua kabla ya saa sita. Sigara zenyewe, za unene wa kawaida na zile nyembamba, hukaa kwenye mfuko wa peke yake na huhesabiwa kabla na baada.

Saa 2:30. Kuchuja washiriki. Swali la "Je, unavuta?" ni bovu, na ndilo linaloharibu tafiti nyingi. Mama anayeweka ugoro chini ya mdomo atajibu hapana, tena kwa haki kabisa. Kijana wa shisha ya Ijumaa naye atasema hapana, kwa sababu kwake kuvuta ni sigara. Uliza hivi: ndani ya siku 30 zilizopita umevuta, umenusa, umetafuna au umeweka mdomoni tumbaku ya aina yoyote, shisha ikiwemo?

Kwa wavuta sigara yanafuata maswali mawili ya kupima uteja, yaani utegemezi wa nikotini. Anayewasha ndani ya dakika 5 baada ya kuamka hupata alama 3. Kati ya dakika 6 na 30, alama 2. 31 hadi 60, alama 1. Zaidi ya hapo, sifuri. Idadi kwa siku: 10 au pungufu ni sifuri, 11 hadi 20 ni 1, 21 hadi 30 ni 2, kuanzia 31 ni 3. Jumla haizidi 6. Wenye 5 na 6 usiwachanganye na wenye sifuri na 1. Wa kwanza huzungumzia kukata arosto (ile hamu kali ya kukosa tumbaku), wa pili huzungumzia ladha na hadhi, na wakikaa meza moja wale wa arosto huwameza wenzao. Aliye chini ya miaka 18 haingii.

Saa 4:00. Kikundi cha kwanza. Kila mtu anapewa kadi za picha za bidhaa na kuambiwa azipange mafungu anavyoona mwenyewe, kimya kimya, kwa dakika 10. Ukimya ni muhimu: mmoja akisema "hii ndiyo kali", wengine watapanga kwa ukali hata kama walitaka kupanga kwa bei. Mwendeshaji naye asitaje kali, nyepesi wala laini mpaka zitoke kwa washiriki. Mwandika kumbukumbu anachora mafungu yote kabla mtu hajafungua mdomo.

Kisha sigara yenyewe, bila kuwasha. Hatumvutishi mtu. Wanaibonyeza, wanainusa, wanavuta hewa kupitia kichungi. Ile inayopitisha hewa kirahisi huitwa nyepesi papo hapo, na nyembamba huitwa "ya kistaarabu", kana kwamba upana wa karatasi unapunguza kilichomo.

Saa 5:15. Pakiti. Nyekundu huwekwa kwenye ukali, nyeupe na fedha kwenye wepesi, kijani kwenye ubaridi, hata kwa chapa ambayo mtu hajawahi kuionja. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku maneno ya "light" na "mild" mwaka 2003, Marekani ikafuata mwaka 2010. Rangi zikabaki zikifanya kazi ileile.

Saa 6:00. Kinasa sauti kikizimwa ndipo tunaeleza. Mapema zaidi utakuwa umewafundisha majibu. Chana karatasi ya kichungi cha sigara "nyepesi", iweke mbele ya tochi ya simu: utaona mstari wa vitundu vidogo, kama milimita 12 kutoka upande wa mdomo. Mashine ya kupimia kwa utaratibu wa zamani wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, huvuta mililita 35 kwa sekunde 2, mara moja kila dakika, vitundu vikiwa wazi, hewa ikiuzimua moshi. Mtu huviziba kwa midomo na vidole, huvuta pafu refu, huongeza pafu jingine. Kipimo cha mashine kinashuka, mwili unapata kiwango chake.

Mentholi, kiungo cha ubaridi kama wa mnanaa, nayo haipoozi chochote. Inagusa vipokezi vya baridi vya mdomo na koo, mkwaruzo unafichika, na moshi unashuka ndani bila kikohozi cha kuonya. Hapa ndipo wengi hubisha, maana koo lao limewaambia kinyume kwa miaka.

Saa 8:00 mchana. Kikundi cha ugoro na shisha. Watumiaji wa ugoro hupima ubora kwa mwasho wake na kwa kasi ya kupanda kichwani. Kasi hiyo hutokana na magadi au majivu: hali ya alkali (kinyume cha asidi) ya mchanganyiko huiachia nikotini ipenye upesi kwenye utando wa mdomo na pua. Magadi yakizidi, fizi huungua. Wa shisha husema maji yanasafisha. Maji hupoza moshi tu; gesi yenye sumu, kaboni monoksidi, inatoka kwenye mkaa na inapita vilevile.

Saa 10:00. Kunukuu sauti na kuweka misimbo, yaani alama za kupanga majibu kwa maana zake. "Laini" ipewe misimbo mitatu: isiyokwaruza koo, isiyokata arosto, na isiyonuka kwenye nguo. Ukiiwekea mmoja, jedwali zima la siku hiyo utalirudia.