Matope ya Masaka kwenye Meza ya Wolverhampton

Waingereza hawakuulizi habari za nyumbani. Unaweza kufanya kazi na mtu ghala moja miaka nenda rudi, mnagombea hita ileile wakati wa baridi, na bado asijue kama mama yako yu hai. Si roho mbaya, ndivyo walivyolelewa. Lakini mwekee mtu huyohuyo kifaru cha plastiki mezani, umwambie mshono wa kuchomelea kwenye bamba la mbele umekaa vibaya, uone. Ataongea mpaka mwenye ukumbi aanze kuzima taa.

Klabu yetu ya kuunda vifaru vidogo vya plastiki inakutana kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, hapa Wolverhampton, Uingereza. Wengi ni wastaafu: fundi wa reli, mwalimu wa hisabati, wawili watatu wa viwandani. Yupo pia kijana wa Kipolandi anayeendesha malori, na ndiye aliyenivuta huko baada ya kuniona nikichungulia boksi lake wakati wa mapumziko ya zamu. Kuna chai ya maziwa, biskuti, taa za mezani, na ugomvi usioisha kuhusu dirisha: lifunguliwe harufu ya gundi itoke, au lifungwe tusife na baridi ya Januari.

Skeli yetu ni 1/35. Kila sentimita 35 za kifaru halisi zinakuwa sentimita moja mezani. Namba hiyo ya ajabu haikutoka kwa mhandisi wala jeshini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa modeli ya Panther, kifaru cha Kijerumani, inayotembea kwa mota, kwa hiyo bodi ikabidi iwe na nafasi ya kumeza mota na betri. Walipokuja kupima wakakuta ni kama 1/35. Kampuni nyingine zikafuata, na mpaka leo dunia nzima inaunda vifaru kwa kipimo kilichoamuliwa na betri.

Gundi nayo si ya kubandikia viatu. Ni maji maji mepesi yanayoyeyusha plastiki. Unashikanisha vipande viwili vikiwa vikavu, unagusa mwanya kwa ncha ya brashi, dawa inakimbia yenyewe kufuata mstari mpaka mwisho. Subiri kidogo, kisha bana. Plastiki iliyolainika inachungulia kwenye mwanya, nyembamba kama uzi. Wanaounda ndege wanaupiga msasa uzi huo upotee. Sisi wa vifaru tunaufurahia, tunaudonoa kwa ncha ya kisu ungali laini, unageuka kuwa mshono wa kuchomelea.

Sasa niseme jambo litakaloniletea maneno. Nimechoka na vifaru vya Wajerumani. Kila meza ya maonyesho ni Tiger, Panther, Tiger tena. Watu wanajua idadi ya boliti za kifaru ambacho babu zao walikikimbia! Tulikwenda Bovington, kule Dorset, kwenye jumba la makumbusho ya vifaru, na wenzangu wote wakajaa kwenye Tiger 131, ambayo ndiyo Tiger I pekee duniani inayotembea hadi leo. Ilitekwa Tunisia Aprili 1943, ikaletwa Uingereza mwaka huohuo. Niliwaambia mimi na huyu ndugu wote tumetokea Afrika, ila yeye hakuombwa viza. Fundi wa reli alicheka mpaka akavua miwani.

Ilipofika zamu yangu ya kuchagua mradi, nikaagiza Type 59.

Mimi ni mtu wa Muleba. Wilaya yetu ndiyo yenye makaburi ya Kaboya, walikozikwa askari wetu wa vita ya Kagera, ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Nimezaliwa baada ya vita lakini nimekulia ndani ya hadithi zake, na kila mzee alikuwa na ya kwake. Type 59 ni kifaru cha China, nakala ya T-54A ya Kirusi, tani 36, mzinga wa milimita 100, watu wanne ndani. JWTZ, jeshi letu la Tanzania, walikuwa nacho, pamoja na ndugu yake mdogo Type 62, kwa sababu miaka ile Wachina walikuwa miongoni mwa waliotupatia silaha na kutufundishia askari. Mwalimu wa hisabati akaniambia kwa upole, kama anasahihisha daftari, kwamba vita ile ilikuwa ya T-55, kifaru kingine cha Kirusi. Nikamjibu T-54 na T-55 zilikuwa upande wa Amin. Akataka nimwonyeshe tofauti.

Tofauti yenyewe ni uyoga. Juu ya mnara, kile kichwa cha kifaru kinachobeba mzinga, upande wa kulia, mbele ya mfuniko wa mpakia makombora, T-54 ina kifuniko cha feni chenye umbo la uyoga. Kwenye T-55 Warusi wakauondoa. Type 59 imeiga T-54A, kwa hiyo uyoga wake upo palepale. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko punje ya dengu. Nilikibandika mbele yake kwa kibano, taratibu, nikahakikisha anaona. Tukaelewana, na toka siku hiyo ananisogezea kiti karibu na taa yake.

Rangi ndiyo iliyonipeleka kwa mjomba. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na rangi za jeshi la China tu, na wenzangu hawapaki kitu bila ushahidi. Mjomba wangu alikuwa askari wa miguu, na jeshi lile sehemu kubwa ya safari ya kwenda Kampala lilitembea. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Baridi huko?"

"Baridi. Mjomba, vifaru vyetu vya vita vilikuwa rangi gani?"

Akanyamaza. Nadhani alikuwa anapima kama nimeanza kuumwa.

"Rangi ya vumbi," akasema. "Mvua ikinyesha, rangi ya matope."

Nikalitangaza jibu hilo klabuni kama lilivyo. Kijana wa Kipolandi akasema huyo mzee apewe uanachama. Nikapuliza kijani cha kawaida juu ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, nikaacha kuhangaika na vivuli vya kijani, nguvu zote nikazielekeza kwenye udongo.

Na hapo kwenye udongo ndipo ninapogombana na madukani. Kuna vichupa vya matope tayari, vizuri sana, kahawia ya kijivujivu ya Ulaya Mashariki. Ukitafuta kilichoandikwa Afrika, ni njano ya jangwa: Libya, Misri, Tunisia. Kwa watengeneza rangi, Afrika inaishia hapo. Barabara ya kutoka Mutukula, mpakani, kwenda Masaka, Uganda, haina njano hiyo hata ukiipiga tochi. Udongo wa kwetu ni mwekundu kwa sababu mvua za miaka isiyohesabika zimeosha na kuondoka na vingine, zikaacha chuma, na chuma kinapata kutu. Ukikauka unawaka, ukilowa unakuwa kama ini.

Ningependa kumwomba dada aniletee mfuko mmoja kutoka shambani. Haiwezekani. Uingereza hairuhusu udongo kutoka kwetu kuingia nchini bila leseni, wanaogopa wadudu na magonjwa ya mimea, na mimi siko tayari kueleza pale uwanja wa ndege kwamba haya ni matope ya kifaru. Nikaokota tofali. Mji huu umejengwa kwa matofali mekundu, ukitembea pembeni ya mfereji hukosi kipande kilichovunjika. Nikakisaga kwa nyundo ndani ya kitambaa, nikachekecha kwa soksi nyepesi ya mke wangu (alishaitupa, naomba ieleweke hivyo).

Kuchekecha si mbwembwe. Kwenye skeli hii, chembe ya milimita moja ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Ukiacha mchanga wa kawaida kwenye madigadi, umembebesha dereva kokoto. Kwa hiyo unga wa tofali ulipita mara kadhaa, ukabaki laini kama poda ya mtoto. Nikachanganya na gundi nyeupe ya mbao, plasta kidogo sana ya kuongeza unene, na rangi ya mafuta ya kahawia-nyekundu, kwa sababu tofali peke yake lina rangi ya chungwa iliyozidi.

Kifaru changu ni cha Machi 1979, masika yameanza, karibu na Lukaya ambako barabara ya kwenda Kampala inapita kwenye kinamasi. Kwa hiyo matope mazito niliyasukuma kati ya magurudumu na chini ya madigadi, yale yanayojazana na kukauka na kujazana tena. Juu yake nikarusha madoa mepesi kwa kuchapa brashi kwenye kijiti cha meno. Palipolowa nikagusa vanishi inayong'aa. Palipokauka nikaacha unga mtupu. Uso wa minyororo unaosugua ardhi nikausugua kwa penseli, risasi yake inatoa mng'ao wa chuma usioweza kuupata kwa rangi ya fedha. Kwenye madigadi ya kushoto, pale ekzosi inapotokea, masizi meusi juu ya wekundu. Sehemu ambazo nembo zingekaa, matope yalizifikia kabla yangu. Mke wangu alipita, akatazama, akasema meza ya chakula imekuwa gereji, kisha akarudi kutazama tena.

Fundi wa reli alikichukua akakiweka chini ya lenzi yake. Muda mrefu. Halafu akauliza mbona kimekuwa chekundu hivyo. Nikaanza na kutu na mvua, nikajikuta niko kwenye migomba, kwenye kahawa, kwenye barabara ya shule ambayo ukivaa soksi nyeupe mama anakuchapa. Hakuna aliyenikatisha. Mwalimu wa hisabati akauliza, shule ilikuwa umbali gani?

Novemba tukaenda Telford. Si mbali na hapa, na ndiko yanakofanyika maonyesho makubwa ya IPMS, umoja wa waunda modeli ulioanzia Uingereza mwaka 1963. Ni kumbi za meza zisizoisha, klabu kutoka nchi nyingi, na maduka ya vipande ambako mshahara unaweza kuyeyuka kabla ya saa sita mchana. Kifaru changu kilikaa katikati ya Tiger mbili za wenzangu, kidogo na chekundu.

Watu wengi walipita. Akasimama mzee mmoja wa Kihindi aliyekuja na mjukuu. Hakutazama mzinga wala uyoga. Aliinama kwenye magurudumu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Huu udongo wa Masaka, siyo?" Nikamwambia, karibu sana na hapo, mzee, Lukaya. Akaniambia baba yake alikuwa na duka Masaka. Wanakaa Leicester tangu 1972, mwaka ambao Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Vita hakuiona, lakini matope aliyatambua. Nikamweleza siri ya tofali, akacheka, akamtafsiria mjukuu, mjukuu akataka kujua kama mzinga unapiga kweli.

Sasa naongeza askari, na hapa kuna kazi. Maboksi ya askari yaliyojaa madukani ni Wajerumani, Warusi, Wamarekani. Miili nimeichonga upya kwa puti, vichwa nimenunua vya resini. Ugomvi wangu na wenzangu uko kwenye ngozi. Wao mtu mweusi wanampaka rangi ya chokoleti, wakitaka mwanga wanaongeza nyeupe. Anatoka wa kijivu, kama amefufuka. Ngozi yetu haina nyeupe ndani. Anza na kahawia nyekundu iliyokolea, kwenye kivuli tia zambarau kidogo, na panapopiga jua, shavuni na puani, ongeza chungwa. Kijana wa Kipolandi amejaribu, ametoa sajini ambaye naapa nilisoma naye.

Swali la mwisho lilizuka wiki iliyopita: askari wangu wanaotembea na kifaru nimewapanga pande zote mbili za barabara, sawasawa kushoto na kulia. Fundi wa reli akasema inapendeza mno, vita haipendezi hivyo, nimuulize mjomba. Nikatuma ujumbe. Akajibu kwa sauti, dakika nyingi. Sehemu kubwa ni bei ya kahawa, ng'ombe aliyezaa, na binamu yangu anayehitaji ada. Mwishoni kabisa, kama aliyekumbuka tu:

"Halafu ile habari ya vifaru. Tulikuwa tunajibana upande wa kulia. Kushoto kilikuwa kinatema moshi, unakohoa mpaka machozi."

Niliwachezea ile sauti klabuni, nikawatafsiria. Mwalimu wa hisabati alikwishanyanyua kifaru na kukigeuza kwenye taa, kidole chake juu ya yale masizi. Fundi wa reli akachukua koleo, akaanza kung'oa askari wa kushoto.