Ukurasa Uliofika Bila Nguo

Dodoma, Jumapili jioni

Wiki hii nimeirudia kazi ambayo nilidhani niliimaliza mwezi uliopita, nami nataka kuiandika ingali mbichi kichwani. Ni programu ya wavuti niliyokitengenezea kikundi cha wakulima wa zabibu wa upande wa Hombolo, ambao walitaka mahali pa kuona bei ya siku, kuandikisha kilo walizovuna na kuweka picha za mzigo, ili mnunuzi aone rangi na ukubwa wa vichala kabla hajafunga safari. Sehemu ngumu, kwa jinsi nilivyoipima wakati ule, ilikuwa hesabu za malipo na usalama wa taarifa za watu. Nembo, mitindo ya kurasa, fonti na vipande vya JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari cha mtumiaji), yaani mafaili tuli ambayo seva humpa kila mtu vilevile yalivyo, sikuyatengea hata nusu siku.

Kwenye kompyuta yangu hapa Area C kila kitu kilionekana sawasawa. Niliipandisha programu kwenye wingu usiku, na asubuhi tukakutana nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi. Mama mmoja mtu mzima, ambaye mimi humwamkia shikamoo naye huniita mwanangu, alifungua ukurasa kwenye simu yake. Maandishi yalikuja, bei zikaja, majina ya vijiji yakaja, lakini vyote vimerundikana upande wa kushoto, vyeusi juu ya weupe, pasipo rangi wala nembo. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona hii imefika bila nguo?"

Sababu niliipata jioni ileile. Unapotengeneza programu kwa Django, mfumo wa kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya Python, seva yake ndogo ya majaribio hukuhudumia mafaili tuli yenyewe ili usisumbuke. Ukizima hali ya utatuzi, jambo ambalo ni lazima kabla programu haijatoka hadharani, kwa kuwa vinginevyo kila hitilafu humwonyesha mgeni undani wa msimbo wako, huduma hiyo hukoma. Kuanzia hapo Django huandika ukurasa tu. Mafaili yaliyotajwa ndani ya ukurasa huo ni juu yako kuyakusanya kwenye folda moja na kumteua wa kuyatoa. Mimi sikumteua mtu. Kivinjari kilipokea ukurasa kwa jibu la 200, yaani sawa, kisha kikaomba faili la mitindo na kujibiwa 404, yaani halikupatikana. Hata baada ya kurekebisha hilo, nembo ya kikundi iliendelea kukosekana, kwa kuwa faili lake nililiita kwa herufi kubwa mwanzoni na ndani ya msimbo nikaliandika kwa herufi ndogo. Windows ya kwenye kompyuta yangu haikujali tofauti hiyo. Linux ya kwenye seva huyaona hayo kuwa majina mawili.

Swali la nani atoe mafaili haya nililifikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Google App Engine, huduma ya kuendeshea programu kwenye wingu iliyotoka mwaka 2008, tangu mwanzo iliruhusu mtengenezaji ataje folda za mafaili tuli kwenye faili la mipangilio, ili yatolewe bila programu yenyewe kuamshwa, na naona busara kubwa katika mgawanyo huo. Programu yangu ina wahudumu wachache, yaani nakala zake zinazoendeshwa kwa pamoja kwenye seva, wa kupokea maombi. Kila mhudumu anayeshughulika kukabidhi nembo ni mhudumu ambaye wakati huo hahesabu malipo ya mkulima. Kwa udogo wa kikundi chetu nilichagua WhiteNoise, programu ndogo ya nyongeza ambayo hukaa mbele ya Django na kuyatoa mafaili yaliyokwisha kubanwa. Watumiaji wakiongezeka nitayahamishia kwenye ghala la nje.

Ubanaji pekee haukutosha. Seva yetu iko Ulaya, kwa hiyo kila faili linaloombwa husafiri kwa mikongo ya chini ya bahari, ile ambayo wa kwanza wake, SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na kutoka pwani lipande hadi huku kwetu katikati ya nchi. Safari hiyo inalipiwa na mkulima kwa bando lake. Ndiyo maana niliviagiza vivinjari vitunze mafaili tuli yote kwa sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima, nami nikaamini kwamba nimewatendea wema.

Jumatatu ya wiki hii kikundi kilibadilisha mchango unaokatwa kwa kila kilo. Nilibadilisha namba kwenye faili la JavaScript lililokuwa linapiga hesabu, nikaipandisha programu upya na kulala. Kesho yake wakulima wawili waliokaa benchi moja, wenye kilo zilezile, walionyeshana simu na kukuta malipo tofauti. Yule aliyewahi kufungua ukurasa mwezi uliopita alikuwa bado na faili la zamani, kwa sababu nilikuwa nimekiambia kivinjari chake kisiulize tena kwa mwaka mmoja. Mwenzake alifungua kwa mara ya kwanza na kupata jipya. Nilipopigiwa simu niliumia, kwa maana watu hawa wameshazoea kutiliwa shaka kwenye mizani, na sasa chombo nilichowaletea ili hesabu iwe wazi ndicho kilichowafanya watazamane vibaya.

Dawa inayojulikana ni kulipatia kila faili jina linalobeba alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili yaliyomo yakibadilika na jina libadilike, na ukurasa wenyewe, ambao hautunzwi muda mrefu, utaje jina jipya. Nimeifanya. Lakini kosa langu kubwa lilitangulia hapo: kiwango cha mchango hakikustahili kukaa ndani ya faili tuli hata kidogo. Ni uamuzi wa mkutano, na mkutano unaweza kukaa tena wiki ijayo. Sasa kiko kwenye hifadhidata, na hesabu inapigwa kwenye seva.

Picha za mizigo nazo zilinifundisha upande wa pili wa jambo hilohilo. Nilizihifadhi kwenye folda jirani na nembo, nikizihesabu kuwa picha kama picha nyingine, ilhali diski ya programu katika huduma tunayotumia ni ya muda, na kila inapoanzishwa upya hurudi kama nilivyoipandisha. Nembo ilibaki kwa kuwa ilipanda pamoja na msimbo. Picha za wakulima zilifutika. Nimezihamishia kwenye ghala la faili la kudumu, na zilizopotea nimewaomba radhi wenyewe mmoja mmoja.

Ijumaa nilirudi Hombolo. Yule mama alifungua ukurasa, akasoma bei, akaufunga, kisha akaufungua tena kumwonyesha mjukuu wake. Nilikuwa na kumbukumbu za seva mbele yangu kwenye kompyuta. Safari ya kwanza simu yake iliomba mafaili tisa pamoja na ukurasa. Safari ya pili liliingia ombi moja tu, la ukurasa wa bei.