Usiku wa sensa, stendi ya Kahama

Kanuni ya saa sita usiku tuliikariri kwenye mafunzo ya makarani wa sensa mpaka ikawa kama kiitikio. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita anahesabiwa. Aliyezaliwa baada ya hapo, hata kwa dakika tano, atangoja sensa nyingine. Mgonjwa aliyefariki kabla ya saa sita haingii. Aliyefariki baadaye anaingia, maana saa sita ilimkuta hai. Mkufunzi wetu alipenda kututega kwa maswali ya namna hiyo, nasi tunacheka. Serikali ilitaka kujua jambo moja: usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022, nani yupo.

Mimi nilipangiwa stendi ya mabasi Kahama. Wakati ule mabasi ya abiria yalikuwa bado hayaruhusiwi kukesha barabarani, kwa hiyo magari yanayotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba na njia zile yalikuwa yakilala Kahama, yanaondoka alfajiri. Abiria mwenye hela anatafuta gesti. Wengine wanabaki kwenye viti, au wanatandika khanga barazani kando ya mifuko yao ya shangazi kaja na kulala. Hao ndio waliokuwa watu wangu. Kwa lugha ya sensa waliitwa makundi maalumu: wasafiri, waliolazwa hospitalini, waliolala gesti, wasio na makazi.

Niseme pia kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na parokiani ni mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki. Kila Desemba naandaa igizo la Noeli. Nafasi ya tarishi wa Kaisari nampa mtoto mwenye sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu kazi yake ni kupaza sauti mara moja tu, kwamba imetoka amri "iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu", kisha anatoka jukwaani na hakuna anayemkumbuka tena. Tunaharakisha kufika kwenye hori. Miaka yote nimeichukulia sensa ya Augusto kuwa nauli tu, kitu cha kumtoa Mariamu Nazareti na kumfikisha Bethlehemu.

Saa sita ilipogonga nikaanza, nimevaa kizibao, kishikwambi mkononi, mgambo mmoja nyuma yangu na tochi. Kulikuwa na baridi na vumbi la kiangazi. Wapiga debe walikuwa rahisi, wale hawalali na wanapenda kuulizwa majina. Muuza kahawa alijibu maswali huku anamimina. Nikafika mwisho wa baraza, karibu na ofisi za tiketi.

Mzee alikuwa amekaa juu ya debe, koti zito la zamani mwilini. Bibi yuko chini, amejiegemeza ukutani. Mbele yao watoto watatu wamelala mkekani mzungu wa nne, blanketi moja. Aliyekuwa mdogo kabisa alikuwa na kiatu mguu mmoja. Kingine amekikumbatia kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona toka kule. Andika mimi na mama huyu. Hawa waache."

Nikamweleza kwamba sensa ni ya kila mtu, hata mchanga wa siku moja.

"Watoto hawahesabiwi," akasema. "Hata ng'ombe hawahesabiwi. Ng'ombe wangu nawajua kwa sura. Akipungua mmoja, jicho linaniambia."

Hilo halikuwa geni kwangu. Kahama ni Usukumani, na si Wasukuma peke yao wenye mwiko huo. Tulifundishwa la kufanya: eleza habari ya madawati, dawa na maji, mtu akigoma, muite mwenyekiti wa mtaa. Stendi saa saba usiku mwenyekiti unamtoa wapi? Nikajaribu madawati. Mzee akanisikiliza kwa adabu zote, kama mtu anayesubiri mgeni amalize chai aondoke.

Ndipo nikaiona Biblia. Ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa koti, jalada limefungwa selotepu. Nikamuuliza anasali wapi, akaniambia yeye ni mzee wa kanisa la Kiprotestanti la AIC (Africa Inland Church), huko Biharamulo wanakokwenda. Nikaona njia imefunguka. Paroko wetu alikuwa amelisema jambo hilo mimbarini miezi ile yote, nami nikalitoa jinsi lilivyo: "Mzee, hata Yosefu na Mariamu walikwenda kuhesabiwa. Ndiyo maana Yesu amezaliwa Bethlehemu."

Akacheka. Sisi Wakatoliki tunatajwa kwa kutojua sura na aya, na nadhani alikwisha kuona rozari yangu.

"Luka umemsoma. Samweli je?"

Nikanyamaza.

"Samweli wa pili, ishirini na nne. Daudi alimtuma Yoabu ahesabu watu. Yoabu akamwambia, bwana wangu, ya nini hii? Daudi akakaza. Wakazunguka nchi miezi tisa na siku ishirini, kama mimba iliyopitiliza. Wakaleta hesabu: Israeli laki nane, Yuda laki tano, watu wa kushika upanga. Halafu tauni. Wakafa watu elfu sabini, toka Dani mpaka Beer-sheba." Akaniangalia. "Daudi kwao wapi?"

"Bethlehemu."

"Haya."

Mgambo alizima tochi kuokoa betri. Nilikuwa na baraza zima bado la kuandika, na huyu mzee alikuwa amenipa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria miaka yangu yote ya kuvalisha watoto mashuka. Ule ni mji wa mtu aliyehesabu watu kwa kiburi, na watu wakafa. Na ni mji huo huo, si mwingine, ambako mwana wa Daudi analetwa, tumboni mwa mama yake, aingizwe kwenye hesabu ya mfalme mwingine. Aliyekuwa na haki ya kuhesabu anawekwa upande wa wanaohesabiwa.

Mzee hakuwa amemaliza. Akaniuliza kama najua Musa aliagiza nini. Katika Kutoka, sura ya 30, akasema, watu wakihesabiwa kila mmoja atoe nusu shekeli iwe fidia ya nafsi yake, ili tauni isiingie. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. "Daudi alihesabu, fidia hakutoa. Ukimhesabu mtu bila fidia umemwekea deni kichwani. Serikali yako imekutuma na fidia gani?"

"Wamenituma na kishikwambi tu, mzee."

Hapo hata mgambo alicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa kimya muda wote, nikidhani amesinzia. Akasema bila kuinua kichwa, "Mweleze habari ya yule mtoto. Usimsumbue dada wa watu na akina Yoabu."

Mzee akageuza uso kwenye mabasi. Basi bibi akaeleza mwenyewe, maneno machache. Sensa ya 2012 karani alifika kwao, wakaandika wote, na kitinda mimba wao alikuwa na miaka sita. Waliandikwa Agosti. Novemba wakamzika, homa ya malaria. Hawa waliolala hapa ni wajukuu.

Sikuwa na la kujibu. Darasani tulifundishwa kwamba dodoso la kaya lina maswali ya vifo, lakini ni vya miezi 12 iliyopita. Mtoto wa 2012 hana kisanduku. Ningeweza kumwambia mzee kwamba mbu hasomi orodha, na angekubali, maana hakuwa mjinga. Lakini hakuna mzazi aliyemzika mtoto akatulizwa na maelezo ya mbu.

"Bethlehemu nayo," bibi akaendelea, "wale wenyeji walioandikwa, unadhani hawakuwa na watoto wa miaka miwili? Herode alipita nyuma. Sikukuu ya Krismasi hamuwasemi hao."

Najua wataalamu wanavyobishana hapa. Sensa imo kwa Luka, mauaji ya watoto yamo kwa Mathayo, na tarehe hazikai sawa: Herode alifariki mwaka wa 4 kabla ya Kristo, na sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu anayetajwa na Luka, anayoieleza mwanahistoria Yosefo ni ya mwaka wa 6 baada ya Kristo, ile iliyomfanya Yuda Mgalilaya aasi. Nimesoma na ninaheshimu. Lakini stendi ile nilikuwa namsikiliza mtu aliyeishi habari zote mbili katika mwaka mmoja, Luka Agosti na Mathayo Novemba.

Na Mathayo, kwa ajili ya watoto wale, anamwita Raheli, aliyezikwa njiani kwenda Bethlehemu: "akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Hawako. Karani anatafuta aliyepo, mama anamlilia asiyekuwapo, na habari njema inazaliwa kati ya hao wawili. Tangu usiku ule sielewi tena Noeli isiyokuwa na Raheli ndani yake. Ninaona tumeipunguza mno, tumebakiza nyota na kondoo, tumemwondoa mama asiyekubali kufarijiwa, kana kwamba Mungu alikuja kwa ajili ya watu ambao mambo yao yamekaa vizuri.

Mzee akarudisha uso. "Mimi ninachomshangaa Mungu ni hicho," akasema, sasa taratibu. "Alijua hesabu ina hatari. Alimwona Daudi. Akamtia mwanawe humo humo, bila nusu shekeli."

"Labda yeye ndiye nusu shekeli," nikasema. Lilinitoka tu, ila nadhani ndilo jambo la maana kuliko yote niliyowahi kusema kuhusu Noeli, na nililisema nimevaa kizibao cha sensa.

Hakunisifu. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko mdogo wa kitambaa, akahesabu sarafu za shilingi 200, moja ya kwake, moja ya mkewe, tatu za watoto. Akazipanga juu ya jalada la Biblia, zote sawa. "Jumapili nitazitoa madhabahuni," akasema. "Mama, mwambie majina."

"Andika wanne," bibi akasema.

"Naona watatu, bibi."

"Andika wanne."

Nikamweleza kanuni ya saa sita, ile ile tuliyoichekea darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akataja jina la kwanza, na nikajua ni la nani. Nikaacha kidole juu ya kioo bila kugusa mpaka alipovuta pumzi. Kisha akataja la pili, la tatu na la nne, na hayo nikayaandika, pamoja na umri wao na jinsia, na yote yaliyotakiwa kwa wasafiri, ambayo si mengi.

Nilipokuwa nainuka mzee akaniuliza, "Na wewe umehesabiwa?"

"Nitahesabiwa nyumbani, asubuhi."

"Usisahau ya kwako." Akagonga sarafu kwa kidole.

Basi la Bukoba lilipiga honi kabla hakujapambazuka, sikuwaona wakipanda. Nilikuwa upande wa pili nabembeleza utingo mmoja aliyegoma kutaja umri.

Tarehe 31 Oktoba Rais Samia alitangaza matokeo Dodoma: watu 61,741,120. Nilisikiliza redioni ofisini kwa walimu. Wenzangu walibishana kuhusu Dar es Salaam na Mwanza. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba tarakimu ile, kwa ukubwa wake wote, imepungukiwa na mmoja ninayemjua jina.

Nilimsimulia paroko. Akaniambia Origene wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliwahi kuhubiri juu ya orodha hiyo hiyo ya Luka: kwamba Kristo aliandikwa pamoja na watu wote ili awatakase wote. Nikafurahi kusikia kwamba mzee wa Biharamulo ana mwenzake wa zamani hivyo. Paroko akakubali pia kwamba mwaka ule, tarehe 28 Desemba, Sikukuu ya Watoto Mashahidi, ambayo watoto wetu wa Utoto Mtakatifu huifahamu zaidi kwa pilau na soda, nihubiriwe mimi kwanza kabla ya kuwahubiria, yaani nisome ile Injili polepole na nimwache Raheli amalize kulia ndipo ngoma zipigwe. Baadhi ya wazazi hawakupenda. Mama mmoja aliniambia wazi kwamba Krismasi ni furaha na watoto wasitishwe. Wengine, na walikuwa wanawake watupu, walinishika mkono nje ya kanisa bila kusema kitu.

Igizo nalo nililibadilisha. Tarishi wa Kaisari sasa haondoki. Anabaki na daftari, anamuuliza Yosefu maswali: mkuu wa kaya nani, mmelala wapi, wangapi. Siku ya mazoezi niliwaeleza watoto kanuni ya saa sita, nikidhani nawapa cha kuchezea, kumbe nimewasha moto. Tarishi akasimama katikati ya mazoezi na kalamu yake.

"Mwalimu, huyu Yesu namwandika au simwandiki? Bado yuko tumboni."

"Amezaliwa usiku," akasema Mariamu.

"Usiku saa ngapi?"

"Misa ya usiku huwa saa sita," akasema mchungaji mmoja.

"Saa sita kamili haina jibu," akasema tarishi, ambaye baba yake naye alikuwa karani. "Mwandike, bwana," akasema Yosefu, "mimi ndiye mkuu wa kaya." Mariamu akakataa, akasema Yosefu asimsemee. Walibishana mpaka mvua ikatuingiza sote ndani, na tarishi bado anadai saa.