Sikio la Mbwa Linapojaa Damu

Mbwa akiamka na sikio moja zito, lililofura upande wa ndani na kuning'inia kuliko mwenzake, wenye nyumba hugawanyika: mmoja atataka sindano ili atoboe, mwingine atasema ni nyuki tu, tusubiri. Nimeyasikia yote mawili hapa Moshi, tena kutoka kwa watu wanaowapenda mbwa wao kwa dhati. Mwaka huu mbwa wangu wa ulinzi, Chui, alipatwa na tatizo hilo, nikapata nafasi ya kumuuliza daktari wa mifugo maswali mengi kuliko kawaida, na ninaandika kwa sababu naona uvimbe huu hutibiwa nusu, halafu watu wakashangaa unaporudi.

Sehemu ya nje ya sikio la mbwa ni bamba jembamba la gegedu, yaani mfupa laini, lililofunikwa kwa ngozi pande zote mbili, na mishipa midogo ya damu hupita katika gegedu hilo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mbwa anapotikisa kichwa kwa nguvu, masikio yakapigapiga fuvu, au anapojikuna kwa kucha za mguu wa nyuma, gegedu huchanika, mishipa hukatika, na damu huvuja mahali ambapo haina njia ya kutokea. Ndiyo maana uvimbe hujitokeza ghafla, pengine kati ya jioni na asubuhi, na ukiushika unakuwa vuguvugu na wa kubonyea kama andazi lililotoka jikoni. Siku zinavyopita damu huganda, sehemu nyingine hubaki maji mekundu, kisha mwili huanza kujenga nyama ya kovu inayovuta gegedu na kulikunja. Wanaosema kwamba uvimbe huisha wenyewe hawadanganyi, kwani baada ya majuma kadhaa huweza kunywea. Lakini mbwa huwa amevumilia maumivu muda wote huo, na sikio linalobaki huwa nene, gumu na lililojikunja, wakati mwingine kiasi cha kubana mlango wa tundu na kulifanya lisipate hewa.

Swali la kwanza ambalo daktari aliniuliza halikuhusu uvimbe hata kidogo. Aliniuliza, "Kabla ya hapa, alikuwa anatikisa kichwa tangu lini?" Mlinzi wetu wa usiku ndiye aliyekuwa na jibu, kwa kuwa ndiye anayekaa na Chui saa ambazo sisi tumelala: alikuwa amemsikia akipigapiga masikio kwa siku nyingi, na akaona anasugua upande mmoja wa kichwa kwenye ukuta wa banda. Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa huu. Damu iliyojaa kwenye sikio ni matokeo, na chanzo chake kwa mbwa wengi kimejificha ndani ya tundu la sikio, ambalo kwa mbwa hushuka wima kwanza, kisha hupinda kuelekea ndani ya kichwa, kwa hiyo mtu akichungulia kwa tochi ya simu haoni mwisho wake.

Huko ndani kunaweza kuwa na mambo mengi. Kwa watoto wa mbwa na wale wanaozurura, utitiri wa sikio ni mshukiwa mkubwa, na huacha uchafu mweusi mkavu unaofanana na unga wa kahawa. Kupe aliyejibana kwenye mkunjo wa sikio, au mbegu ya nyasi yenye ncha kali iliyoingia wakati mbwa anapita kichakani, hutosha kumfanya atikise kichwa usiku kucha. Fangasi na bakteria hustawi kwenye sikio lenye unyevu na nta nyingi, hasa kwa mbwa wenye masikio ya kulala, na wanaosumbuliwa nao mara kwa mara mara nyingi huwa na mzio wa ngozi, ama wa chakula ama wa vitu vilivyomo katika mazingira yao. Hao utawaona pia wakilamba nyayo na kujikuna kwapani. Daktari alichukua uchafu kidogo kwa pamba, akaupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini, kazi ya dakika chache ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko nyingine zote alizofanya siku ile, kwa maana dawa ya fangasi haiui utitiri, wala dawa ya utitiri haitibu bakteria.

Lipo jambo ambalo sisi tunaoishi kwenye maeneo yenye kupe wengi tunapaswa kulitilia mkazo zaidi. Kupe wa kahawia wa mbwa huambukiza ugonjwa wa damu uitwao elikiosisi, ambao hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuvuja damu kwa msukosuko mdogo, na ukimpasua sikio bila kujua utakuwa umejitafutia balaa. Kwa hiyo, ikiwa masikio yote mawili yamevimba kwa pamoja, au mbwa amepoteza hamu ya kula, fizi zimepauka, ana vidoa vyekundu tumboni au anatokwa damu puani, omba apimwe damu kabla ya kisu. Hali ni hiyo hiyo kwa mbwa anayeshukiwa kula sumu ya panya, kwani nyingi kati ya sumu hizo huzuia damu kuganda.

Tofautisha pia uvimbe huu na mwingine. Kuumwa na nyuki au nyigu huvimbisha uso na midomo pamoja na sikio, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku moja au mbili. Jipu huwa la moto, huuma sana likiguswa, na mara nyingi huwa na alama ya jino kutokana na ugomvi. Vidonda vyenye maganda kwenye ncha za masikio, ambavyo mbwa wa kufungwa uani huvipata sana, ni kazi ya nzi wanaouma, na tiba yake ni kusafisha uwanja na kutumia dawa ya kufukuza nzi.

Kuhusu tiba ya uvimbe wenyewe, njia nyepesi ni kuvuta damu kwa sindano safi, na baadhi ya madaktari huingiza hapo dawa ya jamii ya steroidi, ya kutuliza uvimbe, au humpa mbwa vidonge vya prednisoloni kwa siku kadhaa. Haihitaji usingizi mzito na gharama yake ni ndogo, ila nafasi iliyoachwa wazi hujaa tena kirahisi, na huenda ukalazimika kurudi kliniki. Ninapopinga kutoboa nyumbani si kwa sababu sindano ni mbaya. Ni kwa sababu damu iliyokaa mahali pamoja ni chakula kizuri cha bakteria, na uvimbe usio na vijidudu ukishachomwa kwa sindano chafu hugeuka jipu la gegedu ambalo ni gumu kutibu.

Njia ya pili huwafurahisha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanapoisikia. Daktari huingiza kwenye uvimbe mrija mdogo wa plastiki, ule ule unaotumika kufungulia chuchu ya ng'ombe iliyoziba, akaushona usitoke, na majimaji yakawa yanatiririka kidogo kidogo kwa wiki mbili au zaidi.

Chui alipasuliwa, kwa kuwa damu ilikuwa imeshaganda. Aliachwa bila chakula tangu usiku, akachomwa dawa ya usingizi, kisha ngozi ya upande wa ndani ikapasuliwa kufuata urefu wa sikio na mabonge ya damu yakasafishwa. Halafu zikafuata nyuzi nyingi fupi, zilizopita kwenye gegedu na kupangwa sambamba na mishipa ili zisiibane, kazi yake ikiwa ni kuigandamiza ngozi irudi kwenye gegedu pasibaki nafasi ya damu kujaa. Chini ya baadhi ya nyuzi daktari aliweka vipande vya mrija wa dripu ili uzi usikate ngozi. Nilishangaa kuona kwamba mpasuko wenyewe hakuuziba. Aliuacha wazi kidogo makusudi, majimaji yapate kutoka, na akanionya nisije nikampigia simu usiku kwa ajili ya matone ya damu.

Onyo hilo lilikuwa la haki. Sikio likafungwa kwa bandeji juu ya kichwa, lakini mbwa akitikisa kichwa mara moja tu, matone hurukia ukuta, mlango na shati lako. Kola ya kumzuia asijikune ni ya lazima. Ukikosa ya dukani, ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako, kingo zikalainishwa kwa kitambaa, hufanya kazi vizuri. Bandeji isikazwe kooni, na ikilowa ibadilishwe. Nyuzi hutolewa baada ya wiki 2 hadi 3, na wanaoziharakisha huona uvimbe ukirudi.

Dawa za maumivu za binadamu zibaki kabatini. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na hatari huongezeka akiwa anatumia prednisoloni. Sitaki pia kusikia habari za oili chafu, mafuta ya taa, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe kumiminwa ndani ya sikio. Hata dawa halali ya sikio inaweza kudhuru usikivu ikiwa kiwambo cha ndani ya sikio kimetoboka, na mbwa aliyeinamisha kichwa upande mmoja au anayeyumba anapaswa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo. Wakati wa kumshika, mfunge mdomo kwa kitambaa hata kama ni mpole, maana sikio hilo linauma. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata ikiwa huyo wako amechanjwa.

Chui alikutwa na fangasi, hivyo tulipewa dawa ya matone pamoja na maji ya kusafishia. Maji hayo hujazwa kwenye tundu, shina la sikio likasuguliwa taratibu mpaka usikie mlio wa majimaji, mbwa akaachwa ajitikise yeye mwenyewe, kisha uchafu uliopanda juu ukafutwa kwa pamba iliyozungushwa kidoleni. Vijiti vya pamba husukuma nta ndani zaidi. Upande ulioshonwa tulisubiri ruhusa ya daktari kwanza. Masikio yote mawili yalitibiwa, ingawa moja tu ndilo lililokuwa limevimba, na siku ya kutoa nyuzi daktari alichukua tena uchafu wa kila upande akautazama kwa hadubini kabla ya kuturuhusu kuacha dawa.