Laki moja na ishirini ya Kenya

Agosti 2023 niliachia Fuso la machungwa ya Muheza likaenda Mombasa, salio likabaki kwa mteja wangu wa soko la Kongowea: shilingi 120,000 za Kenya. Ni mama ninayemwamini, tumeanza naye biashara watoto wetu wananyonya. Nikaandika kwenye daftari na kupiga hesabu ya haraka. Shilingi moja ya Kenya wakati ule ilikuwa kama 17 za kwetu Tanzania, kwa hiyo nina milioni mbili na elfu arobaini zimelala Mombasa. Na mimi nikalala.

Alinilipa mwisho wa Januari 2024, hakukata hata senti. Dereva akaniletea bahasha mpaka Horohoro, mpakani mwetu na Kenya, nikamwendea kijana mmoja anayebadilisha pesa.

"Kumi na tano na nukta nne, shangazi."

"Mwanangu, juzi si ilikuwa kumi na sita?"

"Ya juzi imeshakwenda na juzi."

Nikahesabiwa 1,848,000. Laki moja na tisini na mbili elfu hazipo, na hakuna aliyeniibia. Ukiibiwa angalau una wa kumwapiza.

Kwanza nilidhani shilingi yetu imepata nguvu. Lakini imepataje nguvu, na mwaka mzima wafanyabiashara wa mjini walikuwa wakilia kwamba dola haionekani? Mpwa wangu, kijana wa kutoa mizigo bandarini hapa Tanga, akachukua kikokotoo cha simu. "Shangazi, shilingi hizi mbili hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Mshenga wao ni dola." Januari ile dola moja kwetu ilikuwa 2,500 na kitu, kwao kama 160. Gawanya, unaangukia kati ya 15 na 16. Agosti kwetu ilikuwa karibu 2,500 vilevile, kwao kama 144, ukigawanya unapata 17 na ushee. Kumbe sisi tulikuwa tumeteleza, wao wakaanguka. Ile nukta iliyopungua juu ya hapo ni ya kijana wa Horohoro, maana bei ya kununua na ya kuuza hazifanani popote pesa inapobadilishwa. Naye ana nauli ya kulipa.

Na kwa nini Kenya ilianguka? Serikali yao ilikuwa na hati fungani, yaani deni la kukopa kwa wawekezaji, ya dola bilioni 2 ya kulipa Juni 2024, na watu wakaogopa kwamba haitalipika. Mwenye dola akaificha. Asiye nayo akaikimbilia kabla haijapanda zaidi, na kule kukimbilia ndiko kulikoipandisha. Februari wakakopa upya dola bilioni 1.5 kwenye masoko ya nje, wakaanza kulipa sehemu kubwa ya deni la zamani kabla ya siku yake. Hofu ikaisha. Waliokuwa wameficha dola wakazitoa mbio, na kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi 131 hivi. Kwetu haikuwa imesogea sana. Gawanya tena: 19 na zaidi.

Yaani bahasha ileile ningeiweka chini ya godoro miezi miwili ningepata milioni mbili na laki mbili na ushee. Hesabu hii mume wangu hajaiona, na kama anasoma hapa, basi salaam.

Mpwa wangu akanifungulia pia daftari la nchi, urari wa malipo ya nje. Machungwa yangu yakivuka Horohoro na karatasi zake yanaandikwa juu, kwenye mauzo ya bidhaa, pamoja na dhahabu, korosho na mkonge wetu. Petroli inayoshushwa bandarini inaandikwa upande wa manunuzi. Pesa za kukopa hazikai huko, zina sehemu yake chini, upande wa mali na madeni. Kilichonishangaza ni kwamba deni la mama wa Kongowea nalo lina mahali pake. Tangu Agosti hadi Januari mimi, wa Barabara ya Kumi na Mbili Ngamiani, nilikuwa naidai Kenya! Machungwa yameandikwa kwenye mauzo, na ahadi yake ya kulipa imeandikwa kama mali ya Tanzania iliyoko nje.

Je, yanayopita njia za panya? Mzigo hauandikwi popote, ila pesa yake ikiingia benki inaonekana. Ndiyo maana chini kabisa kuna mstari unaoitwa makosa na mapungufu, wa kusawazisha pande mbili. Nina jamaa wanaoishi kwenye mstari huo, sitawataja.

Babu yangu hakuyajua haya. Hadi 1966, Benki Kuu yetu ilipofunguliwa na kutoa shilingi yake, Tanga na Mombasa walitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Zilipoachana zilikuwa sawa kwa sawa. Mwaka 2013 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisaini itifaki ya kuturudisha kwenye sarafu moja ifikapo 2024, mwaka uleule nilioupokea kwa 15.4.

Msimu uliofuata nikamwambia mama wa Kongowea anilipe kwa shilingi ya Tanzania. Akacheka. "Ndiyo uniachie mimi huo mzigo?" Kweli, mzigo haupotei, unabadilisha kichwa tu. Tukavutana wiki nzima kwenye simu. Sasa daftari lina safu mbili: bei ya mzigo, na bei ya pesa siku lori lilipoondoka. Akilipa ndani ya siku 14, atakachopata mtu ni riziki yake. Zikipita, tofauti ikinipunguzia tunaigawana nusu kwa nusu, na ikiniongezea tunaigawana vilevile. Kipengele hicho cha mwisho alikidai yeye, na mzigo wa kwanza tu nikamlipa elfu thelathini na moja.