Aliambiwa asubiri viti maalum

Nilimsindikiza dada mmoja, mfanyabiashara wa viazi hapa Uyole, Mbeya, alipokwenda kuchukua fomu ya kuwania udiwani wa kata kupitia chama chake, na mzee mmoja aliyekuwapo akamwambia kwa upole, "Mama, hii tuachie sisi, wewe subiri viti maalum." Upole ule uliniumiza kuliko tusi, kwa sababu mzee aliamini kabisa kwamba anamsaidia.

Sivibezi viti maalum, yaani nafasi zilizotengwa kwa wanawake. Katiba inataka wabunge wa kundi hilo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, na bila utaratibu huo Bunge letu lingekuwa na wanawake wachache mno. Hata hivyo, mbunge wa viti maalum hana jimbo, na kwa Katiba hiyohiyo hawezi kuteuliwa kuwa Waziri Mkuu.

Maneno yale yanashangaza zaidi yanaposemwa huku Nyanda za Juu Kusini, ambako Anne Makinda aliwakilisha jimbo la Njombe Kusini na mwaka 2010 akawa Spika wa kwanza mwanamke, na ambako Tulia Ackson alishinda Mbeya Mjini mwaka 2020.

Dada alichukua fomu. Kilichomkwamisha ni fedha: baadhi ya wajumbe wa chama wanaopiga kura za kumpata mgombea walitarajia "chai", ilhali mtaji wake wote ulikuwa kwenye magunia yaliyosubiri lori la kwenda Dar es Salaam. Kura hazikutosha. Atagombea tena kata ileile, na safari hii tumeanza mapema kumchangia, wanawake kwa wanaume.